Mwaka Tulipomchora Zaina

Zaina, rafiki yangu wa ujana, alifika kwangu Kasongo mwezi uliopita akitokea Kabambare, amefungwa kwa kikwembe kwenye mgongo wa motari, dereva wa pikipiki, kama mtoto mchanga, yeye mwenye vitukuu. Nilisikia sauti yake kabla ya kuona uso. Alikuwa akimgombeza dereva kwa ajili ya mashimo yote ya barabara, utadhani kijana wa watu ndiye aliyeyachimba. Tulishikana mikono, tukaachiana ili tutazamane vizuri, tukashikana tena. Siku ya pili, tulipokuwa tumekaa barazani tunachambua mchele, mjukuu wangu Divine akampiga picha kwa telefone yake. Akabonyeza kitu, akamwonyesha. Kwenye kioo alikuwapo mwanamke wa rangi ya chai ya maziwa, macho makubwa, kidevu kimechongoka, paji la uso laini kama yai. "Bibi, angalia, umekuwa murembo," mjukuu akasema. Zaina aliisogeza telefone mbali na macho, akaisogeza karibu. "Huyu ni nani?" "Ni weye, bibi. Telefone inarekebisha." "Inarekebisha nini? Nani aliiambia niko mubovu?" Hapo Zaina akanigeukia, nami nikamtazama, tukaanza kucheka mpaka mchele ukamwagika na Divine akatuuliza kama tunaumwa. Hakujua tunacheka nini. Sura hii naiandika kwa ajili yake, ili ajue kwamba vita na picha za namna hiyo tulivipigana tukiwa wasichana, katika mwaka wa mwisho kabla ya uhuru, bila telefone, kwa makaa na mifuko ya farini, unga wa ngano.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nakaa kwa shangazi yangu Modesta, mshonaji, katika njia inayoshuka sokoni. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na chumba kilichowahi kuwa stoo ya mpunga, na harufu ya makapi haikukitoka hata siku moja. Chumba hicho shangazi alimpangisha Fundi Ramazani, mtu wa Kasongo aliyekuwa amerudi kutoka mji mkubwa wa Elisabethville, ambako alijifunza kuchora. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia nyeupe iliyojaa madoa ya rangi, na alisimulia mambo ya huko kwa furaha ya mtu aliyetoka safari na zawadi. Mwalimu wake Mzungu, alisema, aliwapa brashi akawaacha. "Alituambia: chora kile kiko mu kichwa yako. Mu kichwa yangu mulikuwa Kasongo tu. Basi nikarudi." Lakini Kasongo haikumlipa mtu achore Kasongo. Wenye baa walimtaka awachoree mwanamke nusu samaki, na Fundi akawachorea: nywele ndefu zimenyooka, ngozi nyeupe, saa mkononi. Siku ya kwanza nilipompelekea chakula, nilimkuta anamalizia mmoja wa hao. Nikamtazama yule mwanamke kuanzia mkia mpaka nywele, nikauliza, "Fundi, samaki anatafuta saa ya nini?" Alicheka mpaka brashi ikamtoka. Kisha akaniuliza kama nina mikono mizuri. Kuanzia wiki ile nikawa namsagia rangi.

Hakuna kazi niliyoipenda kama ile, na nimefanya nyingi tangu hapo. Makopo ya rangi za dukani yalikuwa machache, kwa hiyo Fundi alichanganya za kwake. Tulisaga mti mwekundu wa ngula mpaka ukawa unga laini kama poda, tukachekecha udongo mweupe wa mtoni, tukapika wanga wa muhogo ili rangi ishike. Vidole vyangu vilikuwa vyekundu hata kanisani. Shangazi alilalamika kwamba nguo za wateja zitaharibika, halafu usiku wakati wa chakula nilimsikia akimwambia jirani kwa majivuno, "Mutoto wangu anajua kupika rangi." Fundi alininyooshea mfuko wa farini kwenye fremu ya miti, akanipa makaa, akaniambia nichore chungu. Nikachora chungu. Akaniambia nichore mvuke wake. Nilikaa mbele ya kile chungu cha sombe, majani ya muhogo, mpaka chakula kikaungua, shangazi akapiga kelele, na mimi bado nilikuwa natafuta jinsi ya kuchora kitu kisichokaa. Jioni nilipopata, nilirukaruka uani kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Mnamo katikati ya mwaka ndipo kazi kubwa ilipokuja. Wale tuliowaita evoluwe, makarani na wasaidizi wa ofisi waliovaa tai hata wakati wa jua kali, walikuwa wamejenga jumba lao la mikutano, serkle. Mwenyekiti wao, Bwana Anakleti, karani wa teritwari, ofisi ya wilaya, alikuja mwenyewe chumbani kwa Fundi na kufuta kiti kwa kitambaa kabla ya kukaa. Alitaka ukuta wote wa mbele, ule unaouona mara tu unapoingia, uchorwe mwanamke. Jina la picha alikuwa nalo tayari: Mwanamke wa Kesho. Wake na mabinti wa Kasongo wakimwona, wajue wanakokwenda. "Iwe kama hii," akasema, na kijana aliyefuatana naye, Salumu, karani wa duka la Mgiriki, akafunua kalandriye waliyoitoa ukutani dukani. Juu ya tarehe kulikuwa na mwanamke anapiga pasi. Alivaa viatu vya visigino virefu, kiuno chake ungeweza kukizungushia mkono mmoja, na alikuwa anaichekea pasi kama vile imemwambia jambo tamu. Waliomchora walimpaka rangi ya kahawia juu juu tu. Alionekana kama mama wa Kizungu aliyechovywa kwenye kahawa.

Fundi aliijaribu ile sura kwenye mfuko wa farini. Akaijaribu tena kwenye mfuko mwingine. Mkono wake ulikuwa hodari, kila kitu kilikaa mahali pake, na kila mara yule mwanamke alitoka amekufa. Wakati wa chakula cha mchana wanawake wa uani walikusanyika kama kawaida kuzunguka sinia la wali na makayabu, samaki wa chumvi, na mifuko ilikuwa imeegemezwa ukutani ikauke. "Huyu anakula nini?" jirani yetu Mama Asha akauliza. Shangazi akajibu bila kuinua macho, "Anakula moshi ya pasi." "Na mimba ikiingia, itakaa wapi?" "Itasimama mulangoni, ingoje kiti!" Walicheka mpaka wali ukawapalia. Fundi alisikia kila neno, maana alikuwa upande wa pili wa ukuta wa matete. Nilimwona ameshika kichwa. Leo nikikumbuka kicheko kile naona kilikuwa hukumu nzuri kuliko zote nilizozisoma baadaye kuhusu uchoraji, lakini siku ile nilicheka tu pamoja nao, mdomo umejaa wali.

Siku chache baadaye Salumu alikuja na Bwana Anakleti kupimwa koti kwa shangazi. Mimi nilikuwa chumba cha pili nachekecha udongo. "Mwanamuke wa kijiji anakuangusha jina," nilimsikia Bwana Anakleti akisema. "Unaalika wakubwa, anatokea na paji yenye mufereji. Watu wote wanajua mama alikuwa anabeba muzigo." Salumu akauliza, kwa sauti ya mtu mwenye hofu kweli, "Ile alama inatoka, mukubwa?" "Asugue. Kila siku asugue." Nilijua mara moja wanamzungumzia nani. Zaina alikuwa mdogo wake Mama Asha, aliyeletwa kutoka Kabambare kumsaidia dada yake baada ya kujifungua, na Salumu alikuwa ameshapeleka wazee kumposa. Tulikuwa wa umri mmoja. Kule kwao alibeba muhogo na kuni tangu utotoni kama wanawake wote wa upande huu, kikapu mgongoni na ukanda wa gome la mti umepita kwenye paji la uso. Ukanda ule ulikuwa umemwachia bonde jembamba juu ya nyusi, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mimi nililiona zuri. Lilishika mwanga.

Niliacha chekecheke, nikapita uani kwa Mama Asha. Zaina alikuwa nyuma ya jiko, amechuchumaa, anasugua paji lake kwa ndimu na vumbi la matofali. Ngozi ilikuwa imechubuka, imetoa majimaji. "Unafanya nini weye?" nikamwuliza. Hakuacha. "Salumu anataka nifanane na mwanamuke wa kalandriye." "Zaina, utatoka damu." "Ikitoka, pengine chini yake iko laini." Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayemenya muhogo, na utulivu huo ndio ulionitia hasira. Nilimnyang'anya ndimu, nikaitupa juu ya paa. Hatukusemezana tena siku ile.

Nilirudi chumbani, Fundi hayupo, nikachukua mfuko safi kuliko yote. Nilimchora kwa makaa nikiwa nimesimama, bila kufuta. Niliweka kikapu, niliweka ukanda, niliweka shingo inavyokaza mshipa mzigo unapovuta nyuma. Nilihisi makaa yanajua njia yenyewe, mimi nafuata tu. Fundi aliingia akasimama nyuma yangu, sikumsikia mpaka alipovuta pumzi. "Nani amefanya hii?" Hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Akaitoa ile kalandriye msumarini, akaigeuza iangalie ukuta, akatundika mfuko wangu mahali pake. "Huyu iko na damu," akasema. Akaanza kutembea huku na huko, anaongea mwenyewe, anapiga mapaja. Shangazi alipokuja kuona kuna nini, alielewa upesi kuliko mimi. "Ramazani, hapana. Mimi nashona makoti ya hawa watu. Wakikasirika, tutakula nini? Walitaka Mwanamke wa Kesho." Fundi akamgeukia, uso wake unang'aa. "Mama Modesta, kesho asubui nani ataamuka kwenda shamba? Si huyu?" Shangazi akaenda kutuletea chai.

Tulifunga mlango wa serkle kwa ndani tukafanya kazi. Nimeishi maisha marefu, nimeolewa, nimezaa, nimefundisha uchoraji kwa watoto wa shule mpaka macho yakachoka, na bado nikiulizwa furaha ni nini, naona ule ukuta. Ulikuwa mpana kuliko nyumba yetu. Fundi alinipa ngazi na kuniambia nianze juu, kwenye kichwa, kwa kuwa uso ulikuwa wangu. Rangi nyekundu ya ngula ilipogusa chokaa ilinywewa ikawa na joto, kama ngozi baada ya kuoga. Yeye alichora miguu, vidole vimeshika udongo, na njia inayopanda. Mimi nilichora paji, na kwenye lile bonde nilipitisha mstari mmoja wa rangi nyeupe ili mwanga ukae. Tulikula mihogo ya kuchoma tumekaa sakafuni tukitazama juu, hatuongei, halafu tunaongea wote wawili kwa pamoja. Nilimchora ameinamisha macho, mdomo umefungwa, amechoka, mkubwa kama mlima. Niliona nimemaliza. Niliona nimesema kila kitu.

Ilikuwa imebaki siku moja kabla ya sherehe ya kufungua jumba, Zaina alipogonga mlango. Nadhani Mama Asha alimdokeza. Aliingia, akatembea mpaka katikati ya jumba, akainua kichwa. Nilikuwa nangoja machozi. Nilikuwa nimejiandaa hata kumkumbatia. "Ni mimi huyu?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Nani alikuambia mimi niko punda?" Nilidhani sikusikia vizuri. "Zaina, nimekuchora jinsi ulivyo. Nimeweka ile alama…" "Alama iko sawa. Alama umeiweza. Lakini macho! Mimi nikibeba muzigo ninaangalia chini? Ningekuwa nimekwisha kuanguka mu mutoni zamani. Na mudomo. Tukitoka shamba tunaongea njia nzima, tunaseng'enya watu, tunaimba. Weye umenifunga mudomo kama maiti." Alikuwa amepandwa na hasira nzuri, mikono kiunoni, na kitambaa alichokuwa akificha paji kimeteleza nyuma bila yeye kujali. "Salumu anataka nikuwe karatasi. Weye unataka nikuwe mateso. Na mimi, ataniuliza nani?"

Fundi alikaa chini kwenye ngazi ya kwanza akaanza kucheka polepole. "Onorata," akaniambia, "panda tena." Nikapanda. Zaina akasimama chini ananiamuru kama nyampara. Inua jicho. Hapana, zaidi, anamutazama mutu. Nani? Mama fulani, akanijibu, ambaye amesema jambo ya aibu. Fungua mudomo. Weka mwanya wangu, usiuzibe, ni mali ya ukoo. Nilimtazama yeye, nikatazama ukuta, nikamtazama tena, na kila nilipoteremsha brashi yule mama mkubwa mwenye huzuni aliondoka kidogo na nafasi yake akaingia rafiki yangu. Nilijifunza alasiri ile kitu ambacho wachoraji wengi wa wakati wetu, hata wale mabingwa, walichelewa kukijua. Waliichoka ile sura laini ya kwenye matangazo, wakaibandua, wakabandika mahali pake Mama Afrika mwenye mzigo, asiyesema, wa kuheshimiwa kwa mbali. Naye pia ni wa karatasi. Tofauti ni kwamba yule wa kwanza hakuulizwa kama kiatu kinambana, na huyu hakuulizwa kama ana la kusema.

Siku ya ufunguzi jumba lilijaa tai na viatu vilivyong'arishwa. Wanaume walikaa viti vya mbele, wake zao nyuma, na wanawake wa sokoni walibaki nje madirishani. Fundi alivuta pazia la mashuka yaliyoshonwa na shangazi, na Zaina akatokea, mkubwa, mwekundu, kikapu mgongoni, anacheka na mwanya wake wazi, anamtazama kila mtu aliyekaa. Salumu aliinamisha kichwa. Bwana Anakleti akasimama, jasho linamtiririka kwenye kola. "Ni nini hii? Tuliomba Mwanamke wa Kesho! Hii ni aibu, hii ni kurudisha watu nyuma!" Akamwita mlinzi, akaagiza ndoo ya chokaa iletwe palepale. Shangazi alinishika mkono, vidole vyake baridi. Ndoo ililetwa. Brashi kubwa ikachovywa. Ndipo nikasikia viatu vya mwanamke vikipiga sakafu kutoka nyuma. Alikuwa Mama Regina, mke wa Bwana Anakleti, mwanamke ambaye sote tulimwogopa kwa unadhifu wake, mwenye soksi ndefu na kitambaa cha hariri kilichofungwa chini karibu na nyusi, kila siku, kila mahali. Alikwenda mpaka mbele, akasimama kati ya mlinzi na ukuta, akakifungua kitambaa. Bonde lilikuwapo. Lilikuwa refu kuliko la Zaina. "Baba Yosefu," akamwambia mumewe, kwa sauti ya kawaida kabisa ya nyumbani, "kama unapaka chokaa, anza na mimi."

Zaina alicheka kutoka dirishani, kicheko kilekile cha ukutani, na watu wakageuka kumtazama, wakatazama ukuta, wakamtazama tena, na wanawake wa nje wakaanza kupiga vigelegele. Waliingia. Hakuna aliyewakaribisha; waliingia tu, na vikapu vyao, wakavishusha katikati ya viti. Bwana Anakleti alikaa chini. Baada ya muda nilimwona anautazama uso wa mke wake kama mtu anayesoma barua ya zamani, na mkono wake ukainuka kidogo, ukasita, ukamgusa paji mbele ya watu wote. Ndoo ikarudishwa ilikotoka. Salumu alimfuata Zaina nje, nami nikawafuata kwa nyuma bila haya. "Utanifanya nichekwe," akamwambia. Zaina akamjibu bila chuki, "Basi oa ile ya karatasi. Haikuli, haizeeki." Mwisho wa msimu alirudi Kabambare na kichwa wazi, akaolewa huko na mtu aliyependa maneno yake. Jumba la serkle lilianguka miaka ya fujo, paa kwanza, halafu ukuta, na hakuna aliyepiga picha. Fundi Ramazani alikwenda Bukavu na sikupata tena habari zake.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na asubuhi iliyofuata sherehe. Niliamka nikiwa bado na rangi kwenye kucha, nikafungua mlango wa uani ili nipeleke maji chumbani kwa Fundi, nikashindwa kutoka. Wanawake walikuwa wamejaa uani mpaka njiani: wauza mawese, wauza chikwange za muhogo, mama mmoja na kuku wake kwapani, bibi mmoja aliyeletwa kwenye baiskeli, na Mama Regina, amevaa soksi zake, kichwa wazi. Fundi alikuwa amesimama mlangoni pake na kofia mkononi, ananiangalia mimi. Yule mwenye kuku akanipita, akaingia chumbani, akajivutia kigoda mwenyewe, akakaa mbele ya mfuko mtupu wa farini na kumpakata kuku wake vizuri. Alikuwa mnene, mwenye kovu shavuni na jicho moja linaloangalia kando. Akajinyoosha.

"Nichore na mimi," akasema. "Lakini usinipunguze."

Nikachukua makaa.